Mgongo Ambao Dada Hakuupima

Dada yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi ndicho kilichokuwa sebule yetu, mlango unatazama barabara, na ukipita asubuhi utamkuta ameshasali, ameshafagia vipande vya jana, anatia mafuta cherehani. Hakati kitambaa kabla hajalitaja jina la Mungu kwa sauti ya chini, hata kikiwa cha kufutia meza. Mimi ni mdogo wake. Kazi yangu ni vifungo, upindo na pasi. Nimekaa naye chumba kile miaka kumi na tisa, kwa hiyo haya ninayoandika sikuhadithiwa.

Watu wanamjua kwa jambo moja: hapokei kipimo cha mdomo. Mama akija akasema, "Mshonee kama za mwaka jana, ongeza kidogo," dada humwuliza, "Kidogo kwenye mkono au kwenye mguu?" Mama akibabaika ataambiwa amlete mtoto mwenyewe. Mtoto hupandishwa kwenye kigoda, akaambiwa apumue kawaida, asivimbishe kifua kama jogoo. Dada anasoma futi, mimi naandika. Madaftari yako mawili, ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemlea kazini: daftari la chini, yaani suruali, bukta na sketi, na daftari la juu, yaani mashati, magauni na makoti. Kila mtoto ana ukurasa wake, na kila kipimo kina tarehe yake. Watoto wanamwita Bibi Futi. Anajifanya hapendi.

Kocha alikuja kwetu kwa ajili ya suruali za mazoezi. Ni mwalimu wa hesabu katika shule ya jirani, kijana mwembamba, filimbi iko shingoni hata siku ya kwenda sokoni. Alikuwa ameanzisha klabu ya riadha kwenye kiwanja cha nyuma ya shule, watoto ishirini na wawili.

"Mama, nahitaji saizi tatu tu," alisema. "Wa miaka kumi, wa kumi na miwili, wa kumi na minne."

"Kwangu hakuna miaka kumi na miwili," dada akamjibu. "Kwangu kuna inchi thelathini na tatu. Walete."

Akawaleta, jioni nzima wamejipanga hadi nje kwenye barabara, wakipigana vikumbo. Katika wale ishirini na wawili, walio na miaka kumi na miwili walikuwa tisa, na kati ya mfupi wao na mrefu wao mguu ulipishana inchi sita. Kocha alitazama ukurasa baada ya ukurasa, akakuna kichwa. "Na mimi nawakimbiza pamoja," alisema, kama anayejisemea.

Mmoja wa wale tisa dada alimpa jina siku hiyohiyo: Sindano. Alikuwa binti mwembamba, mwepesi, hatulii kigodani. Baba yake ni dereva wa lori la kokoto, na toka siku ile mtaa mzima ukaanza kumwita Baba Sindano. Hakuchukia, maana binti yake alikuwa anaruka. Namaanisha ule mchezo wa kukimbia, kukanyaga ubao na kutua mchangani. Hakuna msichana wa umri wake aliyemfikia, na wavulana waliomfikia walikuwa wawili tu. Baba Sindano alikuwa akisimulia miruko ile kwenye kila foleni aliyosimama.

Basi ukapita muhula mmoja. Sindano akaja suruali imepanda juu ya kifundo cha mguu. Dada akashusha upindo, inchi moja na nusu. Wiki saba baadaye akarudi tena. Inchi nyingine moja. Safari hii nilimwona dada amerudia kupima mara ya pili, jambo ambalo hafanyi.

"Unakula nini siku hizi?" alimwuliza.

"Chakula, bibi."

Ni jibu lililotakiwa kutuchekesha, lakini mtoto mwenyewe hakucheka. Alikuwa anatazama ukutani zinakoning'inia karatasi za kukatia. Kumbe machozi yanamtoka. Akasema anataka kuacha klabu. Akikimbia miguu inakuja nyuma yake, anajikwaa, ubao anaukosa. Wenzake wanamwita Twiga. Magoti yanauma. Kocha anasema aongeze bidii, baba anasema amekuwa mvivu, simu imemharibu.

"Simu unayo?" dada akauliza.

"Sina."

Jioni ile dada alimwita kocha. Alimkalisha kwenye kigoda kilekile cha kupimia, mtu mzima na filimbi yake, akamfungulia daftari la chini.

"Soma."

"Thelathini na tatu. Thelathini na nne na nusu. Thelathini na tano na nusu."

"Tazama tarehe."

Kocha akatazama.

"Huyu mtoto amebadilishiwa miguu, mwanangu, na hakuna aliyemwambia. Wewe umempa mazoezi ya miguu ile ya zamani. Mimi nikimkabidhi mtu cherehani mpya nampa siku mbili tatu aizoee, sembuse miguu."

Kocha akasema kitu kilichonifanya nimheshimu. Alisema mambo haya aliwahi kufundishwa, kwenye kozi ya wiki mbili. Waliambiwa mtoto ana miaka yake ya kucheza tu, kila mchezo, kupanda, kuning'inia, kurusha, kuanguka na kuinuka. Halafu ana miaka ya kujifunza ufundi taratibu. Halafu mwili unakuja na mambo yake, unarefuka ghafla, na hapo mwalimu mwenye akili anapunguza mzigo, anamwacha mtoto ajifahamu upya. Kushindana kwa nguvu zote ni baadaye sana, mwili ukishatulia. "Nilidhani kuyajua hayo kunataka mashine," alisema. "Kumbe yako kwenye daftari la suruali."

"Suruali haisemi uongo," dada akamwambia. Alifurahi, nilimwona.

Kuanzia hapo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watoto wa klabu walikuja kupimwa mguu, hata kama hawashonewi suruali mpya. Ambaye inchi zake zinapanda, kocha anampunguzia kukimbia na kuruka, anampeleka upande wa pili wa kiwanja kucheza mpira wa wavu, kuruka kamba, kutembea juu ya ukuta mfupi, kusimama kwa mguu mmoja amefumba macho. Wazazi wengine walinung'unika. Mmoja alisema hakumtoa mtoto nyumbani aje kusimama kama korongo. Lakini Sindano magoti yalitulia, na akaacha kusema habari ya kuacha.

Ndipo ikaja ile barua. Shule ya bweni ya vipaji vya michezo ilikuwa inachagua watoto, majaribio ni mwezi wa saba, na mtoto asizidi miaka kumi na minne. Sindano alikuwa na kumi na mitatu na nusu. Mwaka ukipita, basi tena. Baba Sindano alikuja na barua ile ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki isipate vumbi la kokoto.

"Fundi, nataka neno moja tu kutoka kwako. Miguu imesimama?"

Dada akampandisha Sindano kigodani. Thelathini na sita na robo. Mwezi uliopita, thelathini na sita na robo. Mwezi wa kabla yake, vilevile.

"Imesimama," dada akasema. "Amemaliza kukua huyu. Mpeni kazi."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake, na mimi niliandika kwa mkono wangu. Kocha naye alishika neno hilo. Akamrudisha ubaoni: siku nne kwa wiki, miruko arobaini kwa siku, na vyuma mabegani.

Wiki ya tatu Sindano hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu.

Tabibu wa kituo cha afya alimlaza, akamgeuza, akambonyeza. Akasema mfupa haujavunjika, Mungu ashukuriwe, lakini mgongo wa chini umeelemewa. Wiki sita hakuna kuruka. Baada ya hapo aanze kidogo kidogo, na maumivu yakishuka mguuni arudishwe mara moja. Majaribio yalikuwa yamebaki wiki tano.

Baba Sindano alikuja dukani akiwa bado na vumbi la kazi. Hakuketi.

"Mama fundi, mimi naendesha lori. Siku nikimwambia tajiri breki ni nzima na si nzima, naua watu. Wewe uliniambia imesimama."

"Nilikuambia."

"Nani alikutuma useme amemaliza kukua? Wewe ni daktari?"

"Hapana, baba."

"Basi ungeshona suruali ukanyamaza."

Akatoka. Dada alirudi kwenye kiti chake. Alikaa mbele ya cherehani, mguu uko kwenye kanyagio lakini gurudumu halizunguki. Nilimchemshia chai ikapoa. Nikamwomba Mungu amfungulie, maana nilijua si maneno ya yule baba yanayomuuma. Kilichomuuma ni kuwa namba ni sahihi, tarehe ni sahihi, na mtoto ameumia.

Siku ya pili yake, saa za kutoka shule, Sindano alipita kutusalimia. Alisimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake, amevaa gauni la shule. Dada alimwitikia salamu, kisha akamtazama kiunoni, akasimama.

"Njoo. Geuka."

Mshono wa kiuno wa lile gauni haukuwa kiunoni. Ulikuwa umepanda karibu na mbavu. Na gauni lile alilishona dada mwenyewe, mwanzoni mwa mwaka uliotangulia.

"Nipe daftari la juu," aliniambia.

Nikampa. Ukurasa wa Sindano ulikuwapo, na urefu wa mgongo, kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wangu: inchi kumi na tatu. Dada akapima. Kumi na tano kasorobo. Akapima tena. Kumi na tano kasorobo.

Akakaa chini kwenye kile kigoda chenyewe.

"Mdogo wangu," alisema, "tumempima nusu mtu."

Ndivyo ilivyokuwa. Klabu ilivaa suruali, kwa hiyo kila mwezi tulifungua daftari la chini. Daftari la juu lilikaa kabatini, maana hakuna aliyeleta shati. Miguu ilitangulia kukua ikasimama, mgongo ukaanza safari yake nyuma, na mgongo ukawekewa vyuma wakati ndio kwanza unarefuka. Mtu asiyeshona asingekosea hivyo. Angemsimamisha mtoto ukutani akaweka alama kichwani, akaona bado anapanda. Sisi wenye kipimo cha kila kiungo ndio tuliopitwa.

Jioni ile dada alivaa nguo zake za ibada, akachukua madaftari yote mawili, akaenda kwa Baba Sindano. Nilikwenda naye. Kocha tulimkuta huko, alikuwa ametangulia na yeye kuomba radhi. Nyumba ni vyumba viwili, viatu vya kazi vimepangwa kibarazani, na fomu ya majaribio iko juu ya meza, imeshajazwa. Sindano alikuwa amelala kwenye mkeka, mto uko chini ya magoti kama alivyoagiza tabibu. Mama yake alitukaribisha, mumewe hakuinua macho.

Dada alifungua daftari moja, akafungua la pili, akayalaza sambamba mezani.

"Baba, kosa ni langu. Nilisema amemaliza kukua wakati nilichopima ni miguu tu. Mgongo umeongezeka inchi moja na robo tatu na sikuupima. Nakuomba radhi mbele ya mkeo na mbele ya mtoto."

Baba Sindano alitazama zile namba muda mrefu. Ni mtu wa mizani na tani, namba anazielewa.

"Sasa radhi itanisaidia nini?" alisema mwishoni. Hakusema kwa ukali tena. "Mwaka huu ndio wa mwisho kwake. Ule mlango ukifungwa, umefungwa. Kuna dawa za maumivu. Akapewa sindano moja, akaruka siku moja..."

"Sindano apewe sindano," mama mtu alisema, na binti akacheka pale chini, akaushika mgongo, akanyamaza. Kile kicheko kilichokatika ndicho kilichobadilisha hewa ya chumba, nadhani. Sote tulikisikia.

"Akiruka siku moja na akachaguliwa," kocha akasema, "kesho yake ataruka tena, baba, na kesho kutwa. Huko bweni hakuna atakayejua mgongo uko inchi ngapi. Mimi nilimjua na bado nikamuumiza. Nipe miaka minne, nimpangie ratiba ya kumpandisha hatua kwa hatua."

"Na asipokwenda?"

Dada ndiye aliyejibu. "Mara ile nilikuambia nisichokijua. Leo nakuambia ninachokijua, na ninakijua kwa miaka thelathini na mitatu ya kuwapima watoto wa watu. Kila mtoto niliyempima alisimama siku moja. Hakuna aliyekua milele. Huyu naye atasimama, miguu na mgongo, na siku hiyo utakuwa na binti mzima mwenye miguu ya inchi thelathini na sita. Hiyo hakuna shule inayoweza kumpa wala kumnyang'anya."

"Lini?"

"Siku siijui. Nitaijua ikifika."

Baba Sindano akamgeukia binti yake. "Na wewe? Ndiwe mwenye mgongo."

Sindano alifikiri. "Nataka kuruka," alisema. "Ila nataka kuruka nikiwa mkubwa pia."

Baba mtu alinyanyuka, akaenda nje. Tukasikia maji yanamwagwa. Alikuwa analiosha lori, jioni ile, magurudumu yote sita, na sisi tumekaa ndani na chai. Aliporudi mikono ilikuwa imelowa, kwa hiyo hakuigusa fomu. Alimwambia mkewe aitoe mezani.

"Kocha," alisema, "hiyo ratiba yako ya miaka minne niandikie. Niione kwa macho. Na wewe mama fundi, mpime mzima."

Siku ya majaribio ilipita kama siku nyingine. Watoto wawili wa klabu walikwenda, mmoja alichaguliwa, na tulimwombea heri. Majirani walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema dukani kwetu, akijua tunasikia, kwamba kuna watu wameachia bahati kwa sababu ya gauni la shule. Dada aliendelea kukata.

Wiki sita zikaisha, maumivu yakaisha, lakini kocha hakuwa na pupa. Mwaka mzima Sindano alicheza wavu, aliogelea siku za mapumziko, alijifunza kutua: kutoka juu ya kigoda kimoja, halafu viwili, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Madaftari mawili yakawa moja. Dada alinituma ninunue kubwa, lenye jalada gumu, na kila mtoto akapata kurasa mbili zinazotazamana, chini kushoto na juu kulia. Mgongo wa Sindano ulipanda robo inchi, halafu robo, halafu ukakaa. Dada hakusema kitu mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Kocha alikuwa akichungulia mlangoni kila Jumamosi kama anayengojea mkate utoke jikoni. Mwezi wa sita dada aliweka futi chini.

"Umesimama," alisema. "Wote."

Mzigo ulirudi taratibu, na vyuma vya mabegani vilikuja mwisho kabisa, akiwa na miaka kumi na sita. Baba Sindano alikuwa ameibandika ile ratiba ndani ya lori, juu ya kioo cha mbele, na kila jambo lililotimia alilipiga mstari.

Mwaka jana tulikwenda kumtazama kwenye mashindano ya shule za sekondari. Alikuwa na miaka kumi na saba. Sijui sana mambo ya michezo, lakini mtu anayemiliki miguu yake unamjua. Alikuja kwa mbio bila kubabaika, akaupata ubao katikati, akapaa, akatua magoti yamekunjwa kama alivyofundishwa. Mita tano na sentimita thelathini na nane. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mmoja wa wale wa shule ya vipaji, binti mzuri, mwenye adabu, alikuja kumkumbatia. Mungu awazidishie wote wawili.

Baada ya hapo mama mmoja mwenye kofia, mwalimu wa michezo wa chuo, alimfuata Sindano na karatasi zake mkononi.

"Wenzako wote ninao kwenye orodha tangu wana miaka kumi na miwili," alimwambia. "Wewe sikujui. Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakua," Sindano akasema.

Yule mwalimu alicheka akidhani ni mzaha. Sindano hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye benchi tulilokaa, baba yake, kocha na dada yangu.

"Waulize wale," alisema, na mwalimu akaja na karatasi zake, tukamsogezea nafasi.